"Huyu Ametumwa": Jinsi Jina Linavyozima Swali

UZI. Haya ni maandishi ya mazungumzo yangu na vijana wa Kitui na Makueni kuhusu tabia ya kubandikana majina kwenye siasa. Wengi mmeyaomba, kwa hivyo nayaweka hapa yote. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni, utajijibu mwenyewe.

1. Habari zenu wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Leo sitawaambia mpigie nani kura. Nataka tuongee juu ya neno moja dogo ambalo limesikika kwenye kila baraza na kila grupu ya WhatsApp: "ametumwa."

2. Tuchukue bwawa la Thwake, maana linatuhusu wote. Liko mpakani mwa Makueni na Kitui, pale Mto Thwake unapokutana na Athi. Ujenzi ulianza 2018. Limepangwa kubeba maji mita za ujazo milioni 688. Sasa kijana anasimama mkutanoni, anashika kipaza sauti, anauliza: "Mto Athi unapokea majitaka ya Nairobi. Maji haya yatasafishwa vipi kabla mwaitu kule Mavindini hajayanywa?"

3. Hilo ni swali la maana. Lina jibu, au halina. Kuna mtambo wa kusafisha au hakuna, kuna pesa zilizotengwa au hazipo. Lakini kabla mtu hajajibu, sauti inatoka kwenye umati: "Huyu ametumwa!" Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi. Kijana anaanza kujitetea kwamba hakutumwa na mtu. Dakika kumi zinaisha hapo. Mkutano unafungwa kwa maombi, na maji ya mwaitu hayakujibiwa.

4. Angalieni vizuri kilichotokea. Hakuna aliyesema swali ni la uongo, wala aliyeleta karatasi. Kilichofanyika ni kuhamisha mjadala kutoka kwenye maji kwenda kwa mtu. Hiyo ndiyo kazi ya jina la kubandika. Linaonekana kama tusi tu, lakini kazi yake hasa ni kumpa mhusika ruhusa ya kutojibu.

5. Na tusidhani ni upande mmoja unaofanya hivi. Anayeuliza akiitwa "ametumwa" ama "adui wa maendeleo", naye mhandisi au ofisa wa kaunti akijaribu kujibu kwa takwimu anaitwa "mla rushwa" kabla hajamaliza sentensi. Ukimuunga mkono huyu unaitwa "kibaraka", ukimuunga yule "msaliti", ukikaa kimya "mwoga". Sasa niambieni, katika hayo yote, ni neno gani limesafisha hata mtungi mmoja wa maji?

6. Majina mengine yanachekesha, na hapo ndipo hatari inapopenya. Kura ya maamuzi ya Agosti 2010 mnaikumbuka, wakubwa. Kijani ilikuwa rangi ya Ndio, nyekundu ya La. Viongozi walioshukiwa kusema Ndio mchana na La usiku wakaitwa "matikiti maji": kijani nje, nyekundu ndani. Jina lilimganda kiongozi mmoja wa huku kwetu kwa miaka mingi. Nakubali, lilikuwa limetungwa kwa ufundi, na sisi tunaolima matikiti Kibwezi tulicheka kuliko wengine.

7. Lakini jiulize: baada ya 2010, kila alipozungumza mtu huyo, ni wangapi walisikiliza alichosema juu ya barabara au mishahara ya walimu? Jibu lilikuwa tayari mfukoni: "Ah, huyo si tikiti." Pengine alistahili kukosolewa kwa mambo mengi. Sawa, akosolewe kwa hayo mambo. Jina lilitupunguzia sisi kazi ya kumchunguza, na mwananchi aliyepunguziwa kazi ya kuchunguza ndiye mwanasiasa anamtaka.

8. Sasa twende kwenye lisilochekesha. Katika Kikamba tuna neno zito kuliko "msaliti" na "ametumwa" ukiyaweka pamoja: muoi, yaani mchawi. Mwaka 1932, mahakama kuu ya koloni mjini Nairobi iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyeamini kuwa ni mchawi, kwamba alimroga mke wa mwenzao. Baadaye hukumu zilipunguzwa, hawakunyongwa. Lakini yule mama alikuwa ameshakufa kwa kupigwa fimbo.

9. Mbona naleta habari za kale kwenye mjadala wa siasa? Kwa sababu "muoi" inatuonyesha vizuri sana jinsi jina la kubandika linavyofanya kazi. Ukiambiwa umeiba mbuzi, unaweza kuleta shahidi kwamba siku hiyo ulikuwa Mwingi. Ukiambiwa ni mchawi, utaleta shahidi gani? Ukikana, wanasema mchawi hawezi kukubali. Ukilia, unaigiza. Ukinyamaza, umekubali. Hakuna mlango wa kutokea.

10. "Ametumwa" ni hivyo hivyo. Akikana, "unatarajia aseme?" Akikasirika, "ukweli umemchoma." Kwa hivyo kipimo cha kwanza nawapa hiki, kiandikeni: je, aliyetajwa anaweza kuleta ushahidi wa kukanusha? Kama anaweza, hiyo ni shutuma, na ishughulikiwe kama shutuma. Kama hawezi kabisa, hata awe malaika, basi hapo amebandikwa jina tu.

11. Mtasema hiyo ni tabia ya wanakijiji wasiosoma. Hapana. Serikali hufanya hivyo kwa mihuri. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilibeba na Makueni ya leo, kupunguza ng'ombe wao. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikiwa kimejengwa Athi River. Julai mwaka huo maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walienda Nairobi kwa amani wakapiga kambi huko kumngoja gavana awasikilize.

12. Waliokuja na swali la ng'ombe wakaonekana watu waliochochewa. Kiongozi wao akaitwa mchochezi, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake, mnaipita mkienda sokoni City Market. Na kumbukeni jambo moja: kabla mwaka 1938 haujaisha, serikali yenyewe iliacha kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu. Maana yake hoja ya "wachochezi" ilikuwa na uzito tangu siku ya kwanza.

13. Kuna kichekesho hapo pia. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasifu Wakamba kama "watu wa vita", askari hodari na watiifu, ikawaandikisha kwa wingi kwenye jeshi la KAR. Asubuhi watiifu, jioni wachochezi. Watu ni wale wale, na ng'ombe wao wale wale. Kwa hivyo msilewe na jina la sifa pia. Anayekuita "watu wangu waaminifu" leo anakuandalia jina la kesho, siku utakapomuuliza swali.

14. Miaka kumi na sita baadaye, Aprili 1954, ikaja ile operesheni kubwa ya Nairobi ya kuwasaka Mau Mau. Watu walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, macho tu yanaonekana. Akitikisa kichwa, umekwisha. Waliokamatwa wakapangwa kwa rangi: mweupe, kijivu, mweusi, kulingana na jinsi walivyoonekana kuwa wagumu. Wengi walipelekwa Manyani. Ukitoka Mtito Andei kushuka Voi, unapita hapo hapo. Mtu alifungwa miaka kwa rangi aliyopewa, bila kesi.

15. Uhuru ukaja 1963. Lakini amri ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vya sheria mpaka 2003. Miaka arobaini chini ya bendera yetu wenyewe! Aliyebandika alisharudi Uingereza, pengine alishazikwa, lakini jina lilikuwa bado linafanya kazi. Ndiyo maana nasema mwanasiasa akitoa jina jukwaani, yeye atapanda gari aende, na jina litabaki na nyinyi kijijini.

16. Sasa tuje karibu. Januari 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti. Hoja zilikuwepo pande zote mbili. Upande mmoja: miti inaisha, mito inakauka. Upande wa pili: watu wana leseni, wana mikopo, wana watoto shuleni. Februari, lori la makaa likachomwa moto. Wafanyabiashara wa makaa kule Limuru wakaandamana na kufunga barabara kuu. Mitandaoni, ndani ya siku mbili, hakuna aliyekuwa akiongea tena juu ya miti au lori. Ilikuwa "hao Wakamba" na "hao Wakikuyu". Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikabidi iingilie.

17. Hebu tuhesabu hatua. Hatua ya kwanza ni tendo: lori limechomwa. Ya pili ni mtu: nani alichoma? Hapo polisi wangepaswa kufanya kazi yao. Ya tatu ni kabila: "wao ndio wako hivyo." Tulivuka kutoka ya kwanza hadi ya tatu bila kukanyaga ya pili. Kipimo cha pili, andikeni: jina hili linasema mtu amefanya nini, au linasema yeye ni nani tangu kuzaliwa? La kwanza unaweza kulitolea hesabu. La pili huwezi kulivua hata ukitaka.

18. Na kuna hili la sasa, ambalo najua linauma hapa ndani. Tseikuru, Ngomeni, Mutha. Kiangazi kikizidi, wafugaji wa ngamia wanaingia kutafuta malisho. Mimea inaliwa, visima vinagombaniwa, na watu wameuawa. Sitakuja hapa kuwaambia msahau waliokufa. Lakini sikilizeni. Aliyeuawa ana jina lake, na aliyemuua pia ana jina lake, lipo kwenye kitambulisho.

19. Ukisema "ni Wasomali", umempa muuaji mahali pazuri pa kujificha. Amejificha katikati ya watu wote, pamoja na yule mwenye duka hapo Mwingi ambaye anakukopesha unga mwisho wa mwezi. Polisi wataandika "mapigano ya jamii", faili litafungwa, na hakuna atakayeshtakiwa. Familia inayotaka haki ndiyo inapaswa kukataa jina la jumla kuliko mtu yeyote. Ulizeni: nambari ya OB ni ipi? Nani amekamatwa? Kesi iko mahakama gani? Nani alimpa mfugaji huyu ruhusa ya kuingia, na alilipwa ngapi? Hayo ndiyo maswali yanayowakosesha watu usingizi. "Hao watu" haimsumbui yeyote.

20. Kenya tunajua njia hii inaishia wapi. "Madoadoa" lilianza kama neno la jukwaani huko Bonde la Ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Ndipo ikatungwa sheria ya 2008 iliyounda NCIC. Kifungu cha 62 cha sheria hiyo kinasema anayetoa maneno ya kuchochea dharau au chuki dhidi ya watu kwa kabila au rangi yao anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili. Na Katiba, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kusema lakini inatoa nje matamshi ya chuki. Admini wa grupu, wewe pia unanisikia.

21. Sasa najua kuna mtu hapo nyuma ananiuliza moyoni: "Kwa hivyo mwizi tusimwite mwizi?" Swali zuri sana. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa wizi, mwite. Hiyo ni rekodi. Kabla ya hapo, sema tendo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya kila kaunti, na ni ya umma. Simama useme: "Ripoti ya mwaka fulani, ukurasa fulani, inasema shilingi kadhaa hazina stakabadhi. Ziko wapi?" Hapo hakuna wa kukuambia umemtukana. Na ukimwita mtu mwizi bila kitu mkononi, ujue kwamba Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kuharibia mtu jina mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado ipo. Anaweza kukudai fidia, na ukashindwa wewe uliyekuwa na hoja ya kweli.

22. Kama huna ripoti, iombe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua juu ya ombi lako. Andika barua, pata nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, itunze. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko "wakora hawa" mia mbili kwenye Facebook.

23. Na Makueni mna mfano wenu wenyewe. Mwaka 2014 mvutano wa serikali ya kaunti na bunge lake kuhusu bajeti ulifika kwenye risasi hapo Wote, watu wakajeruhiwa. Majina yalitupwa pande zote. Lakini wananchi walifanya jambo lingine: walikusanya saini. Sheria inataka angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa ili kuomba kaunti isimamishwe, na walizipata. Tume ikaundwa, ikaketi, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais akakataa pendekezo hilo.

24. Mtu atasema, "Basi walishindwa." Sioni hivyo. Kwa miezi kadhaa, watu waliokuwa wakiitana majina walilazimika kukaa kwenye kiti, kuapa, na kueleza shilingi gani ilienda wapi. Kila upande ulijibiwa kwa maneno yaliyoandikwa. Kaunti ikaendelea, na wapiga kura wakaamua wenyewe 2017. Hapo hakuna aliyeweza kusema "huyu ametumwa" akaondoka.

25. Kipimo cha tatu na cha mwisho: swali likizimwa, nani analala vizuri? Siku mtu akibandikwa jina mkutanoni, usimwangalie aliyebandikwa. Angalia nani ametulia kitini kwa sababu hatajibu tena. Kisha fanya jambo moja rahisi. Usimtetee aliyebandikwa, maana utaitwa mwenzake na dakika zitaisha. Rudisha swali: "Sawa, tuseme ametumwa. Maji yatasafishwa vipi?" Akijibiwa jina lingine, rudisha tena. Wakiwa watu watatu wanaorudisha swali lile lile kutoka pembe tatu za uwanja, mheshimiwa atajibu, ama wote wataona kwamba hana jibu. Vyote viwili ni faida kwenu.

26. Namalizia. Kuna dada aliniuliza kabla hatujaanza: "Mtu mwenye tabia hii ya kubandika wengine majina anaitwaje? Nasikia Kiingereza kina neno lake, la nadra." Sikulileta, na sababu ni hii. Nikiwapa neno hilo saa hii, kufikia saa mbili usiku litakuwa kwenye grupu zote, mtu akiuliza swali anaambiwa, "Nyamaza, wewe ni..." na neno lenyewe. Tutakuwa tumeongeza jina moja kwenye gunia. Kubandika ni tendo. Nimelitenda, umelitenda, na mheshimiwa unayempenda amelitenda wiki hii. Tulikatae tendo, mtu tumwachie jina alilopewa na mama yake.

27. Uchaguzi ni Agosti 2027. Siku ya pili yake utaamka na majirani wale wale, kisima kile kile na soko lile lile la Jumanne. Utahitaji mtu wa kukusaidia kusukuma pikipiki iliyokwama mchangani. Asanteni kwa kunisikiliza.

Mwisho wa mazungumzo. Kwenye maoni nataka kitu kimoja: andika swali ambalo uliwahi kuuliza au kusikia likiulizwa kwenye baraza huko kwenu, likazimwa kwa jina. Swali tu, bila kutaja aliyelizima. Yale ya maji, mchanga na malisho nitayakusanya, tuyaandikie barua ya siku 21 pamoja. Uzi ujao: jinsi ya kusoma bajeti ya kaunti bila kulala.